Nyumba ya Frederick Douglass pale Washington: nani hasa aliyeiokoa?

#1 mwanaPangani

Wakuu salaam.

Jumamosi nilimtembeza mama Washington. Yuko kwetu Maryland tangu mwezi wa tatu, kaja kumlea mjukuu, na muda wote huo hajavuka dukani na msikitini. Ikulu aliitazama kupitia uzio, akasema "haya, nimeiona", tukaondoka. Kilichomshika ni nyumba moja iko Anacostia, ng'ambo ya mto, juu kilimani. Ni ya Frederick Douglass, yule aliyezaliwa mtumwa hapa hapa Maryland mwaka 1818, akatoroka Baltimore kwa treni mwaka 1838 amevaa kibaharia, kisha akawa sauti kubwa kuliko zote dhidi ya utumwa. Nyumba aliinunua 1877, akaiita Cedar Hill, yaani kilima cha mierezi, akakaa humo mpaka alipofariki tarehe 20 Februari 1895.

Mle ndani utadhani mwenyewe katoka kidogo anarudi. Fidla yake ipo. Vyuma vyake vya mazoezi vipo chumbani karibu na kitanda. Maktaba ina vitabu zaidi ya elfu moja. Bakora ya Lincoln, ambayo mjane wa Lincoln alimpelekea baada ya mumewe kuuawa, nayo imo kwenye mali za nyumba hiyo. Nyuma kuna kibanda cha mawe cha chumba kimoja kisicho na dirisha. Alikuwa akijifungia humo kusoma na kuandika, na alikiita Growlery, pahala pa kwenda kunguruma.

Mama alisimama mlangoni pa chumba cha kulala, akaniuliza: "Mwanangu, huyu mtu kafa zaidi ya miaka mia. Kwetu arobaini haijatimia kitanda kishabebwa. Hii nyumba nani alikuwa anailipia?"

Nikamjibu serikali. Wenzetu wanajua kutunza, serikali yao ikaiokoa nyumba ya shujaa wao. Ndiyo mada yangu. Naomba wajuzi mnyooshe kama nimepinda.

#2 msomajikimya

Mkao wa kula. Mkuu, tupia picha.

#3 Chaki na Ubao

Mleta uzi, asante, ila mama yako kauliza swali zuri na wewe ukampa jibu la haraka.

Serikali ilifika mwishoni. Sheria ya kuiingiza nyumba kwenye Hifadhi za Taifa za Marekani ilitiwa saini Septemba 1962, enzi za Rais Kennedy, na milango ikafunguliwa chini ya hifadhi tarehe 14 Februari 1972. Siku hiyo ina maana yake: Douglass hakujua tarehe yake ya kuzaliwa, kama watumwa wengi, akajichagulia 14 Februari. Sasa piga hesabu. Kafa 1895, serikali kuikubali 1962. Hiyo ni miaka 67. Nyumba ya ghorofa iliyoachwa miaka 67 haiwezi kukukuta na fidla ndani.

Wa kwanza kuibeba ni mjane wake, Helen Pitts. Mwaka 1900 alifanikiwa Bunge la Marekani lipitishe sheria ya kuunda chama cha kumbukumbu ya Douglass, kusudi nyumba isimilikiwe na mtu bali na chama. Mfano wake ulikuwa Mount Vernon, nyumba ya George Washington, ambayo nayo ilinunuliwa na kutunzwa na chama cha wanawake tangu miaka ya 1850. Helen alikuwa akisafiri kutoa mihadhara apate fedha ya kulipia deni la nyumba. Akafariki 1903 deni likiwa bado lipo.

#4 nyundo_kavu

Mwalimu, hapo kwa Helen ndipo ninapokwama. Huyu ni mke wa pili. Mke aliyehangaika na Douglass tangu hana kitu ni Anna Murray, mama wa watoto wake watano. Anna alifariki Agosti 1882, na Januari 1884 mzee kaoa karani wa ofisini kwake, mzungu, mdogo kwake kwa miaka kama ishirini. Halafu mzee anakufa, karani anabaki na nyumba, watoto wa Anna wanaambiwa hii ni makumbusho. Kwetu hilo lina jina lake, na jina lenyewe si "kuokoa".

#5 Wakili wa Kibarazani

@nyundo_kavu #4, punguza mwendo. Hakuwanyang'anya. Alinunua.

Douglass aliandika wosia akimwachia Helen nyumba. Kwa kanuni za Washington wakati ule, wosia wa ardhi na nyumba ulitaka mashahidi watatu, na ule ulikuwa na wawili. Kwa hiyo upande wa nyumba ukaanguka, na watoto wakawa na haki ya mafungu yao. Wao walitaka iuzwe kila mtu achukue chake, na kisheria walikuwa sahihi kabisa. Helen akakopa kwa kuweka rehani, akawalipa mafungu yao. Deni analolisema Mwalimu #3 ndilo hilo.

Na kinachoniuma ni hiki: tangu 1881 Douglass alikuwa Msajili wa Hati wa Washington. Hati za ardhi za mji mzima zilikuwa zikipita ofisini kwake, na Helen alikuwa mmoja wa makarani waliozinakili. Ya kwake ikapungua shahidi mmoja.

#6 Binti Makorora

Mashahidi, jamani. Mmenitonesha kidonda.

Babu yetu alikuwa na nyumba Tanga, nyumba ya mabati mekundu yenye baraza ya saruji iliyopakwa rangi ya damu ya mzee. Aliandika karatasi kwamba nyumba isiuzwe, iwe ya ukoo, kila atakayekuja mjini afikie hapo. Shahidi alikuwa mmoja, jirani, naye kamfuata babu baada ya miezi mitatu. Tukaenda kwenye shauri karatasi ikaonekana haina nguvu. Nyumba ikauzwa, warithi kumi na mmoja, kila mtu akapata fedha ya kununua pikipiki au kuezeka nusu ya banda. Mnunuzi akavunja. Nilipita mwaka jana, kuna fremu sita za maduka. Nilitafuta hata kile kizingiti tulichokuwa tunakaa kula mihogo, sikukiona.

Kwa hiyo mimi namwelewa Helen. Na wale watoto pia nawaelewa, kwa sababu mama yangu alikuwa mmoja wa waliotaka iuzwe. Alikuwa na ada za shule za kulipa.

#7 mwanaPangani

@Binti Makorora pole sana dada.

@Chaki na Ubao, nimekusoma. Nabadilisha kauli: serikali namba mbili, Helen namba moja?

#8 Bi Mkubwa wa Kikoba

Habari za jioni wanangu. Hapana, bado hamjafika.

Helen kafa 1903. Kuanzia hapo mpaka 1962 nani alikuwa anashika funguo? Chama kilikuwepo kwenye karatasi lakini mfuko mtupu na rehani inadai. Waliokuja kuibeba ni wanawake weusi wa Marekani, kwenye shirikisho lao la vyama vya wanawake lililoanzishwa 1896. Kauli yao ilikuwa kwamba tunapopanda tunawainua wengine. Mwaka 1916 wakamchagua rais wao Mary Talbert, mwalimu aliyeishi Buffalo, na yeye ndiye aliyeifanya nyumba ya Douglass kuwa kazi ya shirikisho zima. Wakachangishana nchi nzima, vikundi vya makanisani, walimu, wafuaji, mpaka watoto wa shule na senti zao.

Aliyetoa fungu kubwa kuliko watu wote binafsi ni Madam C. J. Walker, yule tajiri wa mafuta ya nywele ambaye mwenyewe alianza kwa kufua nguo za watu. Alitoa dola 500. Mwaka 1918 wakakutana Denver, deni limekwisha, wakaichoma hati ya rehani mbele ya mkutano. Madam Walker ndiye aliyepewa heshima ya kuiwashia moto.

Wanangu, mimi nimekuwa mweka hazina wa kikoba miaka kumi na nne. Ninajua ile siku mwanachama anapomaliza mkopo mkubwa tunavyoshangilia. Lakini hawa walikuwa wanalipa deni la mtu ambaye wengi wao hawakupata kumwona. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilifunga daftari, nikaenda nje nikakaa.

#9 msomajikimya

Hapo kwenye kuchoma hati nimesisimka. Endelea mama.

#10 Kisauni Yetu

Bi Mkubwa hebu tueleweshe, huo ulikuwa upatu au harambee? Maana upatu mtu huzungushiwa chake akarudishiwa, na hapa naona hakuna aliyerudishiwa kitu.

#11 Bi Mkubwa wa Kikoba

@Kisauni Yetu harambee, mwanangu. Ila harambee ya kwetu huwa ya siku moja, mgeni rasmi anakuja, ahadi zinatangazwa na nusu hazilipwi. Hawa walikwenda miaka miwili bila kuacha, na baada ya deni wakaendelea na ukarabati, nyumba ikafunguliwa rasmi kwa watu 1922. Halafu wakailinda miaka arobaini mingine.

#12 nyundo_kavu

Heshima kwao, Bi Mkubwa. Lakini nisiachie hoja yangu ife. Kila mtu hapa anasema Helen, Mary, Madam Walker. Anna yuko wapi? Nyumba ile mwanamke wa kwanza kuisimamia ni yeye.

#13 Chaki na Ubao

Nyundo leo umegonga msumari wenyewe.

Anna Murray alizaliwa huru, akafanya kazi za ndani Baltimore. Fedha ya Douglass ya kutorokea ilitoka kwake, na walioana New York siku chache tu baada ya kutoroka, Septemba 1838. Mume akizunguka Uingereza na Marekani kuhutubia, yeye alishona viatu kwa ujira, akalea watoto, na kule Rochester akawapokea watumwa waliokuwa wakitorokea Kanada, usiku, na kuwapa chakula na pa kulala. Cedar Hill aliishi miaka minne tu hivi, muda mwingi akiwa mgonjwa. Binti yake mkubwa Rosetta alitoa hotuba ya kumbukumbu juu ya mama yake mwaka 1900, ule ule mwaka ambao Helen alipata sheria yake bungeni. Sidhani kama ni bahati tu. Naona binti alikuwa anasema: mkikumbuka, kumbukeni na huyu.

#14 nyundo_kavu

Asante Mwalimu. Hilo la Rosetta sikulijua.

#15 Dereva wa Usiku

Wakuu, mimi naendesha teksi huku Washington mwaka wa tisa. Hicho kilima nakijua. Ukisimama barazani kwake unaliona kuba la Bunge kama unaweza kuligusa. Sasa niulize jambo lingine, maana wote mmeshika kifo chake, mimi nashika kununua kwake.

Mtaa wa chini pale ulikuwa unaitwa Uniontown, ulipimwa 1854. Masharti ya viwanja yalikuwa wazi: marufuku kumuuzia au kumpangisha mtu mweusi, marufuku kufuga nguruwe, marufuku kuchemsha sabuni. Vyote kwenye sharti moja, mtu mweusi na nguruwe. Na aliyeijenga Cedar Hill ni John Van Hook, mmoja wa walioupima mtaa huo. Aliijenga iwe yake mwenyewe. Douglass kainunua 1877 kwa dola 6,700. Alipitaje?

#16 Mzee Kobe

Jibu jepesi, Dereva. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1865, katiba ikarekebishwa, masharti hayo yakafa yenyewe.

#17 Wakili wa Kibarazani

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Masharti ya ubaguzi kwenye hati za viwanja yaliendelea kuandikwa na mahakama zikiyasimamia mpaka 1948, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwenye shauri la Shelley dhidi ya Kraemer kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza. 1948! Douglass alikuwa kaburini miaka 53.

Maelezo ninayoona yana nguvu ni benki. Van Hook alishindwa na nyumba ikaangukia mikononi mwa benki ya Freedman's, ile iliyoanzishwa 1865 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Douglass mwenyewe aliitwa kuwa rais wa benki hiyo 1874 ikiwa tayari inazama, na ikafungwa mwaka huo huo. Kwa hiyo 1877 muuzaji alikuwa benki iliyofilisika inayotafuta fedha iwalipe wenye akiba. Hapo nani angeuliza rangi?

#18 Mzee Kobe

Marahaba. Nimekubali la 1948. Lakini la benki halinikai vizuri. Walioweka akiba kwenye benki ile walikuwa wafuaji na wabeba mizigo, wengi walipoteza. Halafu rais wake wa mwisho ananunua mali ya benki hiyo. Lazima wapo waliomnung'unikia.

#19 Wakili wa Kibarazani

Walimlaumu kwa benki, ni kweli, ingawa aliikuta imeoza na aliwahi kuweka fedha zake mwenyewe ndani kuisaidia. Kwa nyumba, aliinunua miaka mitatu baada ya kufungwa, kwa bei, kwa hati.

#20 Dereva wa Usiku

Mimi nina lingine. Mwaka huo huo wa 1877 Rais Hayes alimteua kuwa Marshal wa Washington, yaani mkuu wa maaskari wa mahakama. Mtu mwenye kuamuru ukamatwe, nani atamzuia kununua nyumba? Na jiografia nayo iangalieni. Viwanja vya Uniontown ni vile vidogo vya chini. Hii iko juu, na ardhi yake ilikuwa karibu eka kumi, baadaye akaongeza zikafika kama kumi na tano. Ukipanda zile ngazi, na mimi nimezipanda na miguu inaniuma toka kazini, unaona kabisa umeuacha mtaa nyuma yako. Sharti la kiwanja cha bondeni sijui kama lilifika huku.

#21 Kisauni Yetu

Kwa hiyo maelezo matatu: benki, cheo, na kilima. Chagueni moja jamani.

#22 Chaki na Ubao

Yanaweza kuwa yote kwa pamoja. Na mimi naongeza la nne: alitaka. Mtu aliyekatazwa kusoma akajifunza kusoma, ukimwambia kilima kile si chako, unamfahamisha tu anakokwenda.

#23 Seremala Mkongwe

Habarini. Nimesoma uzi mzima, na hakuna aliyesema juu ya nyumba yenyewe kama nyumba.

Hiyo ni kazi ya kwenye miaka ya 1850, wenyewe huiita mtindo wa Victoria kwa sababu ya malkia wa Uingereza aliyetawala 1837 mpaka 1901. Matofali, baraza mbele yenye nguzo, madirisha marefu, paa lenye mteremko. Ilikuwa na vyumba 14, Douglass akaitanua mpaka 21. Mtu akitanua nyumba mara kwa mara paa linakuwa na maungio mengi, na maungio ndiyo yanayovuja. Nyumba haifi kwa deni, inafa kwa maji. Hata hicho kibanda cha mawe ulichokiona, mleta uzi, si kile alichojenga Douglass. Cha kwanza kilianguka, hiki kilijengwa upya 1981. Na nyumba kubwa ilifungwa kwa ukarabati mkubwa, ikafunguliwa tena 2007. Kwa hiyo serikali mnayoipunguzia maksi ndiyo iliyoshika paa. Wanawake walilipa deni, sawa, lakini walikabidhi 1962 kwa sababu paa na kuta zilikuwa zinataka fedha ambazo vikoba havina.

#24 Bi Mkubwa wa Kikoba

Seremala wewe kila uzi unauishia juu ya paa! Lakini umesema kweli. Nami nikuongezee: wangeacha kulipa 1916, mwaka 1962 usingekuwa na paa la kushika.

#25 Seremala Mkongwe

Hapo umenibana, Bi Mkubwa.

#26 Kisauni Yetu

Seremala kanikumbusha Beit al-Ajaib kule Unguja. Ilikamilika 1883, Douglass akiwa Cedar Hill. Ikanusurika mizinga ya Waingereza ya 1896. Halafu tarehe 25 Desemba 2020 upande mzima ukaporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wakafa. Nilikuwa Forodhani wiki moja kabla. Mpaka leo nikiona picha ya ule mnara macho huuma.

Kwetu Kenya tunayo ile ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, Nairobi. Hiyo nayo ni ya Victoria?

#27 Chaki na Ubao

Hapana, ilijengwa 1912, Victoria keshafariki miaka 11. Ila umegusa jambo: ile imebaki kwa msaada wa serikali ya Denmark, iliyoinunua na kuikabidhi Kenya baada ya uhuru, na ikawa makumbusho 1986. Tena mtu wa nje alilipa. Kwetu Tanzania tunayo nyumba ya Mwalimu Nyerere Magomeni, ndogo, ya kawaida, na nawaambieni wanafunzi niliowapeleka pale walinyamaza kuliko walivyonyamaza kwenye jengo lolote kubwa. Walikiona kitanda. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, Mwalimu alilala hapa?" Basi.

#28 Mzee Kobe

Nami niseme langu, hata kama Wakili atanirekebisha tena. Mnabishana nani alitunza nyumba baada ya kifo. Mimi nasema mtunzaji wa kwanza ni moto.

Kabla ya Washington Douglass aliishi Rochester, New York. Juni 1872 nyumba yake ya Rochester iliungua. Watu walitoka salama, lakini mle ndani mlikuwa na majalada ya gazeti lake la miaka mingi, nakala ambazo hakuweza kuzipata tena. Mtu aliyeunguliwa hivyo hatupi tena hata karatasi ya hesabu ya sabuni. Nilishaunguliwa, mwaka 1994, chumba cha kupanga Manzese, vyeti vyote na picha ya pekee ya baba yangu. Tangu siku ile ninaweka hata risiti za maji. Wanangu wananicheka. Nadhani Cedar Hill imejaa vitu kwa sababu hiyo.

#29 Binti Makorora

Mzee Kobe, mimi sicheki. Pole kwa picha ya baba.

#30 nyundo_kavu

Nadharia ya Mzee naipa nafasi. Ila haielezi kwa nini vitu havikuuzwa baada ya yeye kufa. Mwenye kuweka akiondoka, warithi hutupa.

#31 Mzee Kobe

Basi tunarudi kwa Helen. Mnazunguka wenyewe.

#32 Wakili wa Kibarazani

Tunarudi kwa Helen, naye anaturudisha kwenye ile sheria ya 1900. Na hapa nimpe mleta uzi nusu maksi yake. Bila Bunge kuunda chama, Helen alipokufa nyumba ingekwenda kwa ndugu zake kama urithi wa kawaida. Serikali haikutoa fedha, lakini ilitoa jina la kisheria la kumiliki. Bi Mkubwa anajua, kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kushika hata kiwanja cha choo.

#33 Bi Mkubwa wa Kikoba

Kweli kabisa. Tulisumbuka miaka mitatu kwa hilo.

#34 Kisauni Yetu

Mleta uzi, hiyo fidla. Alikuwa anapiga kweli au pambo la sebule? Babangu alikuwa mpiga fidla wa taarabu, nimeulizia kwa moyo.

#35 Chaki na Ubao

Alipiga kweli, na nyumbani kwake muziki ulikuwa wa kila siku, yeye na wajukuu. Mjukuu wake mmoja, Joseph, alikuja kuwa mpiga fidla wa majukwaani, wa mwanzo kabisa kati ya weusi Marekani kuzunguka nchi nzima akipiga. Babu na mjukuu walikuwa wakipiga pamoja.

#36 Kisauni Yetu

Sasa hiyo ndiyo sababu ya tano ya nyumba kutouzwa. Nyumba iliyopigwa fidla na babu na mjukuu, nani ana roho ya kuinadi? Yake babangu nimeitundika ukutani, nyuzi mbili zimekatika, na mtu akitaka kuinunua namwambia aende zake.

#37 Binti Makorora

Lakini watoto walitaka iuzwe kaka, Wakili kasema #5. Na fidla walikuwa wanaisikia hao hao.

#38 Kisauni Yetu

Eeh. Hapo sina jibu dada yangu.

#39 mwanaPangani

Wakuu, nashukuru sana. Nimetoka kazini nimemsomea mama uzi wote, nikitafsiri kwa Kipangani pale mlipotumia maneno ya mahakamani. Alipofika kwa #8 akasema "rudia", nikarudia. Akataka kujua wale wanawake walivaa nini siku ya kuchoma ile hati. Nikamwambia sijui. Akasema "walivaa vizuri".

Anataka kurudi Cedar Hill kabla hajaondoka. Safari hii anataka kuingia jikoni, anasema mara ile tulipita haraka na hakuliona jiko vizuri. @Dereva wa Usiku, uko huru Jumamosi ijayo asubuhi? Zile ngazi magoti yake hayaziwezi tena. Kuna njia ya gari ya kufika juu?

#40 Dereva wa Usiku

Nipo mkuu. Niandikie faragha unakaa upande gani, nitawapitia. Nauli ya mama yangu silipishi. Nitauliza pale getini kuhusu njia ya juu, huwa wanasaidia wazee.

#41 msomajikimya

Picha za jikoni tafadhali. Na za baraza.